Nasoma Kiingereza bila shida, lakini wakianza kuongea naachwa nyuma

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini u mzima. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, na leo nimeona nikuletee langu maana yamenifika shingoni.

Kiingereza nimekisoma tangu utotoni. Mitihani nilifaulu, tena kwa alama nzuri. Nikipewa mkataba wa kurasa nyingi nausoma na kuuelewa, na barua pepe naandika mwenyewe bila kumwomba mtu anisahihishie. Sasa nafanya kazi na timu ambayo watu wake wametawanyika nchi mbalimbali, na kila wiki tunakutana kwa video. Hapo ndipo ninapoumbuka. Mtu akianza kuongea nashika neno la kwanza, la pili, la tatu. Nikiwa bado nalitafakari la nne, mwenzangu keshafika mbali. Wakicheka, nacheka. Wakitikisa kichwa, natikisa.

Majuzi bosi aliniuliza, "You haven't sent the report, have you?" Nilikuwa sijaituma, kwa hiyo nikajibu "Yes", nikimaanisha ndiyo, sijaituma. Akashukuru, akaendelea na mengine. Jioni mteja akaiulizia ripoti yake, ikawa kizaazaa.

Kuna na la pili. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia kwamba nikiongea nasikika kama barua ya wakili. Nilikuwa nimesema, "We shall commence the meeting upon his arrival." Nikamuuliza kosa liko wapi. Akasema kosa halipo, ila hakuna mtu anayeongea hivyo. Siku nyingine mwenzangu huyohuyo alituambia kompyuta yake imeanguka na kioo kimepasuka. Nikamwambia "Sorry, sorry!" Naye akajibu, "Why? You didn't do it." Nikakosa la kusema.

Nimejaribu mengi. Natazama filamu za Kiingereza zenye maandishi ya Kiswahili chini, nimewasha redio ya Kiingereza nyumbani kutwa nzima, na kila usiku nakariri maneno mapya kutoka kwenye kamusi. Maneno yanaongezeka lakini masikio yako palepale. Je, Mwalimu, nina masikio mazito? Nizidi kukariri? Au nimwambie bosi ukweli, kwamba vikao vingi natoka sijashika kitu? Naogopa ataona kazi hii hainifai.

Ni mimi,
Nacheka Wakicheka

*

Marahaba, mwanangu Nacheka Wakicheka.

Masikio yako ni mazima. Shida zako mbili, ya kutoshika wanachosema na ya kuongea kama wakili, zina mzizi mmoja: Kiingereza ulikipokea kwa macho, neno mojamoja, kutoka kwenye karatasi. Wanaokiongea hawakitoi hivyo. Wanakitoa kwa mafungu, maneno matatu manne yakiwa yameshikana kama kitu kimoja. Kwa hiyo wao wakiongea unasubiri maneno yaje na sura unayoijua, nayo hayaji. Zamu yako ikifika, unawapa maneno ambayo wao wamezoea kuyaona kwenye hati.

Tuanze na kusikia, maana ndiko kwenye kazi kubwa.

Kiswahili kina irabu tano na kila irabu ina sauti yake isiyobadilika. Mkazo kwa kawaida tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi nyingine zinapata haki yake vilevile. Mtu akisema "nitakupigia", hata akiwa na haraka ya namna gani, a yake utaisikia ni a. Kiingereza hakina ukarimu huo. Neno lililobeba ujumbe huvutwa na kupewa nguvu, na yale madogo yanayolizunguka hubanwa. Maneno kama "to", "of", "for", "can", "have" na "and", yakiingia katikati ya sentensi, hupoteza irabu yaliyopewa na kamusi na kubaki na kimguno kifupi. Wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, wanakiita schwa na kukiandika kwa herufi e iliyopinduliwa, ə. Hiyo ndiyo irabu inayojitokeza mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, lakini alfabeti yao haina herufi yake. Iko mwanzoni mwa "about", iko mwishoni mwa "teacher", imejificha kwenye silabi ya kwanza ya "computer". Sisi tumeyafundishwa maneno hayo kwa herufi zake, na sikio linadai kilichoandikwa.

Chukua sentensi hii: "I should have told her." Kwenye karatasi ni maneno matano. Sikioni linaingia fungu moja, kama "ashudavTOLda". "Have" imebaki v tu, "her" imedondosha h yake, na kinachosikika sawasawa ni "told". Wewe umekaa mlangoni unamsubiri "have" aje na h yake na a yake, kumbe keshapita. Wala usidhani wenye lugha hawajanaswa na sauti hiyo: wengi wao huandika "should of", kwa sababu ndivyo wanavyoisikia.

Halafu kuna miisho. Neno la Kiswahili linaishia kwenye irabu, na hata maneno tuliyoyakopa tuliyaongezea: shati, benki, kilabu. Kiingereza kinaishia popote kinapotaka, na konsonanti ya mwisho hurukia neno linalofuata. "Turn it off" hugeuka "tanitof", na mwenye kusubiri maneno matatu hupata moja asilolijua. Pengine konsonanti humezwa kabisa: "last night" ikisemwa kwa kasi ya kawaida haina t ya kwanza.

Mfano wa "can" na "can't" unawatesa wengi, tena pande zote mbili. Katika "I can do it", neno "can" halina uzito wowote. Linasikika kama "kn" na nguvu yote inakwenda kwenye "do". Katika "I can't do it", "can't" linapewa uzito na irabu kamili, na ile t ya mwisho mara nyingi haisikiki. Ukiitegemea t, utaachwa. Sikiliza uzito. Na wewe ukisema "I CAN do it" kwa a nene ya Kiswahili, baadhi ya wasikilizaji wako watadhani umekataa kazi.

Basi zoezi lenyewe ni hili. Tafuta sauti yenye maandishi yake kamili: mahojiano au mazungumzo ya watu wawili. Taarifa ya habari iache kwanza, kwa kuwa msomaji wa habari anasoma karatasi kama wewe. Kata kipande cha nusu dakika, usizidishe. Sikiliza mara kadhaa bila kuangalia maandishi, huku ukiandika unachosikia. Pale usipoelewa, andika mlio wenyewe kwa tahajia ya Kiswahili, hata kama ni upuuzi mtupu. Halafu fungua maandishi na ulinganishe.

Utakachokiona kitakushangaza. Mapengo yaliyotokana na maneno mageni yatakuwa machache. Mengi yatakuwa ya maneno uliyoyajua tangu darasa la chini kabisa: "would have", "a lot of", "did he", "them". Hayo ndiyo ya kushughulikia. Cheza palepale, ukitazama maandishi, mpaka sikio likubali kwamba ule mlio na yale maneno ni kitu kimoja. Kisha sema pamoja na msemaji, juu ya sauti yake, ukiiga kupanda na kushuka kwake bila kujali kama umependeza. Kinywa kikishaweza kubana "should have" ikawa "shudav", sikio nalo halitaipoteza tena. Kesho rudia kipande hichohicho kabla ya kwenda kingine. Robo saa ya namna hii kila siku nakupendekezea kuliko redio ya kutwa.

Na hiyo redio, izime. Inakufundisha kuzoea kelele. Sauti ikipita huku wewe unafanya mambo mengine, sikio linajizoeza kutosikiliza, nalo tayari linaujua ufundi huo.

Kuhusu kasi: kupunguza mwendo wa video hadi 0.75 si dhambi, ila umalize kwa kusikiliza kasi yake halisi. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi kwa wanaojifunza, yakitumia msamiati wa maneno kama 1,500 na kusomwa polepole. Ni mpango ulioinua watu wengi, na kwa anayeanza ungali mfano mzuri. Lakini anayesoma polepole hutamka kila neno kikamilifu, na kinachokushinda wewe ni maneno yaliyobanwa. Hatua hiyo umeshaivuka.

Filamu endelea nazo, ila uyatoe maandishi ya Kiswahili. Mwaka 2009 watafiti Holger Mitterer na James McQueen walichapisha jaribio walilowafanyia Waholanzi wanaojua Kiingereza. Waliwaonyesha video zenye lafudhi ya Kiskoti au ya Kiaustralia, baadhi wakiwa na maandishi ya Kiingereza chini, baadhi ya Kiholanzi, na wengine bila maandishi yoyote. Walipopimwa kwa sentensi mpya, waliosoma ya Kiingereza ndio waliokuwa wameizoea lafudhi zaidi. Waliosoma ya lugha yao walifanya vibaya kuliko hata wale ambao hawakuwa na maandishi. Sababu unaweza kuihisi mwenyewe ukitazama: macho yakipata Kiswahili, sikio linakwenda likizo. Weka maandishi ya Kiingereza, na tukio likikupendeza lirudie bila maandishi.

Usihangaike na lafudhi zote kwa mpigo. Chagua msemaji mmoja au wawili wanaoongelea jambo unalolipenda, ukae nao wiki kadhaa. Maneno ya mada moja hujirudia, na sauti ukishaizoea inakuachia nafasi ya kufikiri.

Sasa tuje kwenye huo uwakili wako.

Kitazame kitenzi chetu "piga". Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti. Mgeni akikuambia "nitakufanyia simu" utamwelewa, lakini utajua lugha hajaipata kwa watu. Wala huna kanuni ya kumpa. Utamwambia tu kwamba simu inapigwa. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao, na Kiingereza kimejaa urafiki wa namna hiyo. Uamuzi ni "make", kazi ya nyumbani ya shule ni "do", picha ni "take". Mvua ni "heavy" lakini upepo ni "strong". Sisi tunakunywa dawa, wao ni "take". Sisi tunafungua redio, wao ni "turn on". Sisi tunajadiliana kuhusu jambo, wao ni "discuss the problem", bila "about". Ukitafsiri neno kwa neno unapata sentensi ambayo kila tofali lake ni zuri na ukuta umepinda.

Ndiyo maana ile orodha yako ya kila usiku haikusaidii. Paul Nation, bingwa wa utafiti wa msamiati kutoka New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu ayajue maneno 98 katika kila 100 ya mazungumzo, anahitaji familia za maneno 6,000 hadi 7,000. Familia moja ni neno pamoja na watoto wake, kama "help", "helpful" na "helpless". Anayesoma mikataba bila kamusi amekwenda mbali katika safari hiyo. Kilichopungua ni kujua neno gani linakaa na lipi.

Kwa hiyo badilisha daftari. Achana na safu ya neno na safu ya maana. Andika fungu zima kama ulivyolisikia, na chini yake nani aliyelisema na alikuwa katika hali gani. Mfano: "I'll get back to you on that." Chini yake: bosi, alipoulizwa tarehe ambayo bado hajaijua. Siku utakapoulizwa usilolijua, hutatafuta maneno, fungu litakuja lenyewe. Na likisemwa na mwingine utalisikia, hata likibanwa likawa "al gebaktuya". Unaona jinsi kusikia na kuchagua maneno yalivyo zoezi moja? Mafungu matatu uliyoyasikia kwa mtu yana faida kuliko maneno ishirini ya kamusi.

Ukishuku fungu lako, lipime. Kuna hazina ya matini iitwayo COCA, yenye zaidi ya maneno bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani yaliyokusanywa tangu mwaka 1990, na hupekuliwa kwenye mtandao. Andika "do a mistake", kisha "make a mistake", uone tofauti ya hesabu. Hutahitaji mwalimu akuambie.

Sentensi yako ya "commence" ina historia yake. Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na kwa karne kadhaa kilitumika mpaka mahakamani. Kiingereza kikabaki na jozi za maneno: "start" na "commence", "buy" na "purchase", "help" na "assist". Lile la kienyeji likabaki mdomoni mwa watu, na lile la Kifaransa likavaa suti. Nasi tunazo za kwetu. Mtu akiingia kwa rafiki yake na kutangaza "Nimewasili!", waliopo watatafuta kipaza sauti kiko wapi. Kufika kunatosha. Shuleni tulisifiwa kwa maneno mazito, na kwenye maandishi rasmi yana kazi yake, lakini katika kikao ungesema, "Let's start when he gets here." Angalia jinsi wanavyopenda vitenzi vifupi vyenye mkia: "put off" badala ya "postpone", "find out" badala ya "discover". Vidogo hivi viandike vikiwa na kiwakilishi katikati, "put it off", kwa kuwa ndivyo vitakavyokujia, na vitakuja kama "puditof".

Zile nahau za vitabuni, kama ya mvua kunyesha paka na mbwa, ziache zilipo. Ni nadra kumsikia mtu akizitumia. "Gonna" na "wanna" zisikie, lakini usiziandike kwa mteja.

Na ile "Sorry" yako. Ulikuwa unasema pole, na pole yetu haina hatia ndani yake. Tunampa aliyejikwaa, tunampa hata aliyechoka. "Sorry" ikisimama peke yake, Waingereza na Wamarekani wengi huisikia kama kuomba radhi. Ipe mwili: "I'm sorry to hear that." Hapo inakuwa pole. Au mwambie "Oh no, that's a shame", na hutaulizwa umevunja nini.

Jibu lako la ripoti nalo ni Kiswahili kilichovaa Kiingereza. "Ndiyo" yetu inamkubalia aliyeuliza: hujaituma? Ndiyo, sijaituma. "Yes" yao haijali swali limekaaje, inatazama tendo. Limefanyika, "yes". Halijafanyika, "no". Mpaka utakapozoea, usijibu kwa neno moja. Sema "I haven't sent it yet" na hakuna atakayekosea.

Kikaoni, acha kucheka wasipokuchekesha. Usiseme pia "Repeat, please", maana atarudia yote kwa kasi ileile. Rudisha ulichokishika, uulize kilichokupotea: "You need it by Thursday, and what else?" Tarakimu zihakikishe daima, maana "fifteen" na "fifty" zinatofautiana zaidi kwa mkazo: ya kwanza inabonyezwa mwishoni, ya pili mwanzoni. Uliza "One five or five zero?" Wenye lugha wenyewe huulizana hivyo. Programu nyingi za vikao vya video zina maandishi yanayojiandika mtu anapoongea. Yawashe, ila majina na tarakimu usiyaamini sana.

Na bosi mwambie. Huna haja ya kumwambia kwamba huelewi Kiingereza, kwa sababu si kweli, na ripoti zako anazisoma. Mwandikie hivi: "I follow better when I have it in writing. Could you send me the main points after the call?" Ni ombi ambalo mtu yeyote wa timu iliyotawanyika anaweza kulitoa. Ukiongeza kuomba vikao virekodiwe, na wenzako wakiridhia, utakuwa umejipatia sauti bora ya zoezi lile la nusu dakika. Ndizo sauti zilezile, mada zilezile na mafungu yaleyale utakayokutana nayo wiki inayofuata. Anza na sauti ya huyo aliyekuita wakili. Inaonekana anapenda kukueleza mambo, basi ukikwama kwenye mlio muulize yeye.